Mama wa Ubatizo wa Kitabu

Jirani yetu alipoomba mbegu za popi nilikuwa nakata tambi, na kisu hakikutetereka. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mama mkwe wangu Gizela alikuwa ameketi karibu na jiko, rozari mkononi, macho yakiwa kwangu wala si kwa Mama Maria.

"Bakuli moja tu, Bi Otília," Vendelín alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, theluji ikimyeyukia mabegani. "Zile za bustani yako. Za dukani zimefifia."

"Za nini? Umeanza kuoka?"

"Za kubatizia kitabu. Jumamosi, pale maktaba."

Kwetu kitabu kipya hakitolewi kikavu. Watu hukusanyika, kitabu huwekwa mezani kama mtoto mchanga, na mtu aliyechaguliwa kwa heshima hukimwagia kitu kinachohusiana na habari yake: divai, ngano, maua ya waridi. Mtu huyo huitwa mama wa ubatizo, au baba. Padri wetu hucheka tu, hakatazi. Mimi mwanzoni niliona ni dhihaka. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa nimekisikiliza kitabu hiki sura kwa sura, hapahapa jikoni, na moyoni nilikuwa nimeshajiambia kwamba siku yake ikifika nitavaa blauzi yangu ya buluu na nitakimwagia kwa mkono wangu.

"Na mama wa ubatizo ni nani?" niliuliza, kama mtu anayeulizia viazi sokoni.

"Silvana Brezová."

Rozari ya Gizela ilisimama. Nani asiyemjua Silvana Brezová? Kila jioni yumo sebuleni mwa watu, analia kwenye tamthilia, na machozi yake hayaharibu wanja.

"Wachapishaji wamekuchagulia," nilisema. Nilikuwa namfungulia mlango wa kujitetea, apite.

Hakupita. "Hapana. Nimemchagua mwenyewe."

"Umefanya vizuri. Mzuri yule. Watu watajaa."

"Bi Otília."

"Mbegu utazipata. Jumamosi nitazileta mwenyewe, zisije zikamwagika njiani."

Aliniangalia. Ana macho ya kijivu, na akikutazama unahisi kama anatafuta neno lililompotea usoni mwako. Kisha akavaa kofia, akamwinamia Gizela, akaondoka. Niliendelea kukata tambi. Nilipomaliza niliona nimezikata nyembamba kiasi kwamba zisingebeba hata chumvi.

Vendelín Krajčí alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu, akaenda Bratislava, mji mkuu, akiwa kijana, na kabla ya kufika miaka thelathini magazeti yalikuwa yameshamwita fahari ya taifa. Vitabu vitatu, kimoja baada ya kingine. Halafu kimya. Watu wakasema ulevi, watu wakasema mwanamke. Ukweli ni kwamba aliandika kwa ajili ya televisheni apate kuishi. Mengi ya maneno anayoyalilia yule Silvana yalitoka kwenye kalamu yake, na jina lake halikutajwa. Hakuoa. Alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba vitabu vina wivu kuliko mke.

Alirudi kumzika mama yake akabaki ndani ya nyumba ile yenye baridi. Jumapili ya kwanza nilimpelekea supu ya kabichi chachu na soseji, maana ndivyo anavyofanyiwa mfiwa. Jumapili ya pili alikuja mwenyewe kurudisha sufuria, na mfukoni alikuwa na karatasi.

"Nikusomee kidogo? Ukichoka, sema."

Nilichoka kwenye ukurasa wa pili, nikasema. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, mimi napika, yeye anasoma, Gizela anajifanya amesinzia. Kitabu kilihusu mwanamke aliyefiwa na mume, anayelima popi. Sikuuliza ametoa wapi habari zile. Kuna maswali ukiyauliza yanavunjika.

Mara moja tu tuligombana. Alisoma sura ambamo mkata mbao mmoja anamwoa mama wa ubatizo wa mtoto wake. Niliweka mwiko chini.

"Hapana. Hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Mama wa ubatizo wa mtoto wako ni ndugu yako mbele ya Mungu. Mtu haoi ndugu yake."

"Bi Otília, kanisa lilishaifuta sheria hiyo. Bibi zetu walikuwa bado hai."

"Roma wafute. Mimi nimefundishwa na bibi yangu."

"Kweli kabisa," Gizela alisema, macho yamefumbwa.

Jumapili iliyofuata alikuja na sura mpya. Yule mkata mbao alioa mwanamke mwingine. Nilimwongezea soseji siku hiyo, nikamwambia kwamba mtu anayeweza kuitupa sura nzima kwa sababu ya mjane wa jirani, huyo ana moyo. Alijibu polepole, "Nimelishika ulilosema. Nimelishika sana." Nilidhani tunazungumzia kitabu.

Sasa akaja na Silvana Brezová.

"Ana miguu mirefu," Gizela alisema baada ya mlango kufungwa.

"Nani?"

"Unajua nani. Na wanasema zamani, huko Bratislava, walikuwa wanaonekana pamoja mgahawani."

"Mama, mambo ya mgahawani hayanihusu."

"Ndiyo maana umetia chumvi mara mbili." Alisogeza kiti chake. "Sikiliza, mkwe wangu. Paka naye huja kunywa maziwa kila Jumapili. Sijawahi kusikia paka ameposa. Picha ya Imrich iko pale ukutani. Mwanangu aliangukiwa na mti akitafuta riziki yako, na mimi bado nina macho. Yule mtu wa vitabu atakula, atashiba, atakwenda kwa wenzake."

"Sijasema lolote."

"Blauzi ya buluu imesema. Ulivaa nyeusi miaka yote, sasa buluu imetoka wapi?"

Nilienda kanisani jioni ile kumwambia Mama Maria wa Mateso Saba habari zangu. Nilitaka kuomba anitoe wivu. Lakini ulimi ulikataa, ukaomba Silvana apate mafua.

Jumamosi hakuwa na mafua. Aliingia maktaba na koti jeupe mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ukumbi mzima ukageuka kama majani yanavyogeukia jua. Alimshika Vendelín mabega yote mawili.

"Vendo wangu. Umekonda. Huku hawakupi chakula?"

Vendo. Mimi nilikuwa namwita Bwana Vendelín mpaka leo, na yeye ananiita Bi, na supu zote zile katikati yetu.

"Wananilisha vizuri mno," alisema, akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Niliangalia dirishani. Alikuwa amevaa suti ya mazishi ya mama yake, tai imekaa upande. Mkono wangu ulitaka kwenda kuinyoosha. Silvana akainyoosha.

Nilikwenda kwenye kichumba cha nyuma ambako tulikuwa tumepanga gongo ya plamu na vimkate vya mafuta ya nguruwe nilivyooka tangu asubuhi. Nilikuwa na bakuli la popi kifuani, limefunikwa kitambaa. Nilifikiri: nikitoka kwa mlango huu mdogo, nikapita uani, hawatakuwa na cha kumwaga. Wamwage sukari. Wamwage wanja.

"Wewe ndiye mwenye mbegu?"

Silvana alikuwa amenifuata. Kwa karibu ana mikunjo midogo pembeni mwa macho, na nilifurahi kuiona, Mungu anisamehe.

"Ndiye mimi."

"Ahsante Mungu. Nilikuwa naogopa nitakukosa." Alichukua kimkate bila kuuliza akala nusu. "Vizuri hivi. Sasa niambie, zinamwagwaje? Kidogo kidogo au zote pamoja?"

"Upendavyo, bibie. Wewe ndiye mama."

"Kwenye jukwaa huwa naelekezwa. Leo nimepewa agizo moja tu." Alifuta vidole. "Vendo amenipigia simu mara mbili juu ya jambo hilohilo. Kasema, 'Silvana, fanya lolote, lakini usimruhusu Otília amwage hata chembe moja. Hata akiombwa. Hata akitaka.' Mmegombana?"

Bakuli lilikuwa zito ghafla. "Hatujagombana."

"Basi sielewi. Nikadhani labda una mkono wa bahati mbaya." Alicheka, akaona sicheki pamoja naye, akaacha. "Samahani. Mdomo wangu huwa unatangulia."

"Chukua," nilisema, nikampa bakuli. Vidole vyake vilikuwa baridi. Ningeweza kuondoka saa ileile. Lakini Gizela alikuwa amekaa safu ya mbele na koti lake la sikukuu, na sikutaka anione nakimbia. Nikaenda kukaa kando yake.

"Umepauka," alinong'ona.

"Kuna joto."

"Ndani ya maktaba hii? Tangu lini?"

Bi Kornélia, msimamizi wa maktaba, alisema maneno ya kukaribisha, marefu, akitaja kila kitabu cha Vendelín na kile kimya cha miaka mingi baada ya hivyo. Vendelín alisoma kurasa mbili. Nilizijua kwa moyo. Kwenye ya kwanza nilikuwa nikimenya vitunguu, kwenye ya pili nilimkataza neno moja, na alikuwa amelitoa. Kitabu hiki kikianguka, hataandika kingine. Aliwahi kuniambia hivyo akiosha sahani. Hata katika uchungu ule nilijikuta namwombea, Baba Yetu moja kwa kila ukurasa. Mtu mmoja wa nyuma, aliyekuja kwa ajili ya Silvana, akaacha kupiga picha. Nilijua basi kwamba kitasimama.

Kisha Silvana akasimama, akaliinua bakuli, akamwaga. Mbegu zangu, nilizopalilia nimepiga magoti, zilianguka juu ya jalada jeupe kama mvua nyeusi. Sauti yake ilikuwa nzuri, kama mtu anayenong'ona. Watu walipiga makofi.

"Uishi, usomwe, upendwe," Silvana alikiambia kitabu, na sauti ile ya kila jioni ikawatoa machozi wanawake wa safu ya pili.

Bi Kornélia alikuwa na uso wa furaha. "Zimebaki kidogo bakulini. Na tunajua zimetoka bustani ya nani. Bi Otília, hebu njoo na wewe umwage, tuwe na mama wawili."

Watu waligeuka. Mtu alinisukuma taratibu mgongoni. Nilisimama, kwa sababu ukiitwa mbele za watu unasimama.

"Hapana," Vendelín alisema.

Alilisema kwa nguvu. Alikuwa ameinuka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, na mkono wake umefunika kitabu kama mtu anayezuia moto.

"Si yeye," alisema. "Mtu yeyote mwingine. Yeye, hapana."

Nilisikia mbegu chache zikidondoka kutoka mezani, moja moja. Niliinamisha kichwa, nikamwambia Bi Kornélia, "Ahsante, nina kazi nyumbani," nikatoka katikati ya viti, sikukimbia, nyuso zote zikinifuata.

Vendelín alinikuta mahali pa makoti. Nilikuwa natafuta tundu la mkono wa koti langu, silioni.

"Otília."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, bila Bi. Nilimgeukia.

"Rudi ndani, Bwana Vendelín. Wageni wako wanasubiri. Mama wa mtoto wako anasubiri."

"Silvana atawasomea. Anajua kuwashika watu. Nisikilize."

"Nimesikiliza miaka mitatu. Leo nimesikia la mwisho." Sauti yangu ilikuwa tulivu, nashangaa mpaka sasa. "Kama unaona haya kusimama na mwanamke wa darasa la nane, ungeniambia jikoni. Ningekuletea mbegu mlangoni nikaondoka. Lakini umesimama mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya watu ninaosali nao, ukafunika kitabu kana kwamba mkono wangu una ukoma."

"Nani aliniambia kwamba mama wa ubatizo wa mtoto wako ni ndugu yako?"

"Usinibadilishie maneno."

"Nani aliniambia? Uliweka mwiko chini. Ulisema Roma wafute, wewe hufuti. Mtu haoi ndugu yake, ulisema. Niliitupa sura nzima."

Koti lilinibakia mkono mmoja.

"Hicho ni kitabu," nilisema. "Si mtoto."

"Leo unasema si mtoto. Kesho je? Ungelala ukilifikiria. Jumapili ungekwenda kuungama, na wiki ijayo ungeniletea supu ukaniambia, 'Kula, ndugu yangu Vendelín.' Nakufahamu." Alipumua. "Nilimtafuta mwanamke mmoja duniani ambaye nina hakika sitaki kumwoa, nikampa bakuli. Yeye mwenyewe nilimwambia hivyo kwa simu leo asubuhi, bila kumweleza sababu, akacheka akidhani natania."

Nilimtazama. Tai yake ilikuwa imerudi upande.

"Wewe huamini mambo haya," nilisema.

"Mimi siamini. Wewe unaamini, na ni wewe ninayetaka kuishi naye."

Ndani, sauti ya Silvana ilikuwa ikisoma ile sehemu mwanamke anapovuna peke yake. Mtu akizoea kubeba kitu kizito, kikishushwa ghafla mikono haijui iende wapi.

"Kwa nini hukuniambia Jumatano, ulipokuja kuomba mbegu?"

"Mama mkwe wako alikuwa pale na rozari. Nimeandika watu wakiposana mara nyingi, sijawahi kuandika mtu akiposa mbele ya Bi Gizela."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Alisogea hatua. Nilinyoosha mkono, hatimaye, nikaiweka tai yake sawa. Vidole vyangu vilibaki pale kifuani kuliko kazi ilivyohitaji.

"Kwa hiyo yeye sasa ni ndugu yako," nilisema. "Silvana."

"Tangu sasa hivi."

"Basi huwezi kumwoa."

"Siwezi. Kwa sheria ya bibi yako."

"Hata akiachana na mume wake."

"Hata akiwa mjane. Hata akiwa mtakatifu."

Nililifikiria hilo. Lilikuwa zuri, lilikaa mahali pake. Ndipo nikamwona Gizela amesimama kwenye pembe ya ukuta, ameegemea fimbo yake, na sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mama," nilisema.

"Nilikuja kuchukua kitambaa changu," alisema. Kitambaa kilikuwa kichwani mwake. Alimkazia macho Vendelín kutoka viatuni mpaka juu. "Imrich alikuwa haongei. Miaka yote ya ndoa, maneno ya kutosha bakuli moja. Wewe una maneno mengi mno."

"Kweli, Bi Gizela."

"Na utaishi wapi? Nyumba yako ina baridi ya kuhifadhia maiti."

"Popote mtakaponiruhusu."

Aligeuka akarudi ukumbini, fimbo ikigonga sakafu, na sisi nyuma yake, mimi koti likiwa limening'inia bega moja. Watu walimpisha. Silvana alinyamaza katikati ya sentensi. Gizela alikwenda moja kwa moja mezani, akatia mkono ndani ya bakuli, akakomba mbegu zote zilizobaki, akazimwaga juu ya kitabu kwa ngumi kavu, bila upole wowote.

"Nimebatiza," alimwambia Bi Kornélia. "Andika kwamba mama wa pili ni mimi." Kisha akamgeukia Vendelín, na kidevu chake kilikuwa kikitikisika kidogo, jambo ambalo sikuliona hata siku ya mazishi ya Imrich. "Sasa wewe ni ndugu yangu. Ndugu halali kwenye baridi wakati mimi nina chumba."

Wengi hawakuelewa, wakapiga makofi hata hivyo. Mimi nilielewa. Nilikwenda nikashika mkono wake wa kizee, umejaa chembe nyeusi, nikataka kuubusu, akaunyakua.

"Usiniguse," alisema. "Utapakaa mbegu, kisha utazidondosha kitabuni, tuharibu kila kitu."

Kwa hiyo jioni ile yote nilitembea na mikono nyuma. Vendelín aliponiletea kitabu changu, nilikipokea kwa kitambaa. Gongo ikapita, vimkate vikaisha, na watu wa Bratislava walipokuwa wanajiandaa kwenda, Silvana alimjia katika koti lake jeupe akambusu shavu la kulia, akambusu la kushoto. Nilitazama kwa utulivu kabisa. Ndugu hubusiana.

Alipoinama mara ya tatu, nikakohoa.